Kopo la dawa ya Kichina lililotoka Brussels

Habari ya juma hili ilianzia kwenye likelemba yetu. Tulipomaliza kuhesabu pesa na kumpa mwenye zamu yake, mama mmoja alitoa kopo la plastiki ndani ya mfuko wake akaliweka juu ya meza. Mbele lilikuwa na maandishi ya Kichina na picha ya mlima. Nyuma kulikuwa na mistari michache ya Kifaransa iliyosema kwamba ndani mna mimea ya asili peke yake. Mdogo wake anayekaa Brussels alilinunua katika duka la dawa za Kichina, akalipa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Ni dawa ya kupunguza tumbo. Vidonge vitatu asubuhi, vitatu mangaribi, kwa miezi mitatu.

Tulicheka sana siku ile. Mwenye kopo alisema mtoto wa nne alitoka lakini tumbo lake lilibaki, na kikwembe kilichokuwa kinamzunguka mara mbili sasa kinazunguka mara moja na kulalamika. Kopo likapita mkono kwa mkono. Wawili kati yetu walikwisha kuuliza bei. "Mama Mwalimu, utusomee," wakasema, maana mtu akishika chaki wanadhani anasoma hata Kichina.

Tulipouliza kama kuna aliyejua majina ya mimea iliyomo, mmoja alijibu kwa uhakika: "Inauzwa Ulaya. Kule hawauzi kitu bila kupima. Ingekuwa mbaya, Wabelgiji wangekwisha kuifukuza."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Kwa sababu katika mji uleule wa Brussels, wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa na figo kwa kunywa dawa ya Kichina ya kupunguza mwili. Hawakuinunua njiani. Waliandikiwa na madaktari. Siku ile tulieleza kwa haraka, na wengine hawakuamini, ndiyo maana tuliahidi kuleta habari yote hapa.

Lakini tuanze mbali kidogo, ili tusimhukumu Mchina bure.

Dawa ya Kichina haikuingia Ulaya jana. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mfaransa mmoja, George Soulié de Morant, aliyekuwa amefanya kazi ya ubalozi katika Uchina, alieneza Paris ufundi wa kuchoma sindano, ambao kule wanauita akupancha. Alifundisha madaktari wa Ufaransa, akaandika vitabu, na kutoka hapo ufundi ule ukaenea katika inchi za jirani. Marekani waliamka baadaye. Mwaka 1971 mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo akiwa Beijing. Alipasuliwa kwa njia ya kawaida, na dawa ya kumtia ganzi ilikuwa ya kawaida. Lakini kisha, tumbo lilipojaa hewa na kumsumbua, walimchoma sindano ndefu na kumwekea joto la majani yanayochomwa karibu na ngozi. Aliandika habari hiyo katika gazeti lake, na mwaka uliofuata rais Nixon alipokwenda Uchina, Wamarekani wakawa na hamu kubwa. Mwaka 1973 jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kuwapa ruhusa wachoma sindano, na majimbo mengine yakafuata.

Leo katika miji mingi ya Ulaya mgonjwa akienda kwa mtu wa dawa ya Kichina, ataombwa kutoa ulimi. Mganga anaangalia rangi yake na utando ulio juu. Kisha anashika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kwa vidole vitatu, mkono wa kulia na wa kushoto. Anauliza juu ya usingizi, choo, siku za mwezi, jasho la usiku. Anasikiliza kwa muda mrefu. Sisi tunafikiri hapo ndipo siri moja ilipo: mama aliyengoja saa tatu hospitalini akahojiwa dakika tano, anapopata mtu wa kumsikiliza saa nzima, anatoka akiwa amepata nafuu hata kabla ya dawa.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Moja ni sindano. Nyingine ni mimea, na hapa Mchina hatoi jani moja tu. Anachanganya aina kumi, hata kumi na tano, mizizi, maganda, mbegu, kila moja kwa kipimo chake, na mchanganyiko unabadilika kufuatana na mtu. Ndivyo ilivyo katika ufundi wenyewe. Kopo lililofungwa tayari, la mtu yeyote mwenye tumbo, limekwisha kuacha ufundi ule nyuma.

Sasa Brussels.

Kulikuwa na kliniki moja ya kupunguza mwili iliyofanya kazi miaka mingi bila shida kubwa. Katika mwaka 1990 madaktari wake walibadilisha vidonge walivyokuwa wanaandikia wagonjwa. Waliongeza unga wa mimea miwili ya Kichina pamoja na dawa za Kizungu walizokuwa wanatoa tangu zamani. Mmea mmoja uliitwa kwa Kilatini Stephania tetrandra, na jina lake la Kichina ni fang ji. Wenye farmasi walipata unga ule kutoka kwa wafanyabiashara walioagiza nje, wakaujaza ndani ya vidonge, wakaandika Stephania kwenye karatasi. Wagonjwa wakameza. Wengi wao walikuwa wanawake wenye afya, bila ugonjwa wowote, waliotaka tu kupunguza kilo chache.

Katika mwaka 1992 madaktari wa figo wa Brussels waliona jambo la ajabu. Wanawake wenye umri wa chini ya miaka 50 walikuwa wanafika na figo zilizokauka, zenye makovu ndani, na ugonjwa ule ulikwenda mbio. Figo za mtu mzee mwenye sukari ama presha zinaweza kuchukua miaka mingi kufa. Za wanawake hawa zilikufa katika miezi. Profesa Jean-Louis Vanherweghem na wenzake wa chuo kikuu cha Brussels walianza kuuliza kila mgonjwa: ulikula nini, ulikunywa nini, ulikwenda wapi? Jibu likawa lilelile. Waliandika juu ya wanawake tisa katika jarida la madaktari The Lancet mwaka 1993, na wote tisa walikuwa wamepita katika kliniki ileile. Hesabu iliendelea kupanda miaka iliyofuata, hadi ikapita 100. Wengi wao waliishia kuoshwa damu kwa mashine, ama kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Kosa lilikuwa katika jina. Katika Kichina kuna mimea zaidi ya mmoja inayoitwa fang ji. Uko han fang ji, ambao ndio Stephania. Na uko guang fang ji, ambao kwa Kilatini ni Aristolochia fangchi. Mizizi yao ikikatwa na kukaushwa inafanana, na ikisagwa kuwa unga hakuna macho yanayoweza kuitofautisha. Mtu aliagiza mmoja, akaletewa mwingine. Na Aristolochia ina sumu ndani yake inayoitwa asidi ya aristolokia, ambayo inakwenda moja kwa moja kwenye figo.

Wamama, sisi tunaelewa jambo hili vizuri kuliko watu wa farmasi. Tunaposema lengalenga, ni majani ya aina mbalimbali yanayobeba jina lile moja, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Lakini tunaposema muhogo, kila mama anajua kuna mtamu na kuna mchungu. Mchungu usipoloweshwa siku za kutosha unaweza kuua. Na kule upande wa Kwango, wakati wa njaa, wamama waliofupisha siku za kulowesha walipata konzo wao na watoto wao, miguu ikapooza, haikurudi tena. Muhogo ni wa asili. Hakuna mtu aliyetia dawa ya kiwanda ndani yake. Kwa hiyo tunaposoma kwenye kopo "mimea ya asili peke yake", tunapaswa kukumbuka chungu cha muhogo nyumbani kwetu, na kuuliza ni mmea gani na umetengenezwa namna gani.

Habari ya Brussels haikuishia kwenye figo. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wanawake wale walianza kupata kansa katika mifereji inayotoa mkojo kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Figo zao za zamani zilikuwa zimekwisha kufa, hazifanyi kazi, lakini zilikuwa bado ndani ya mwili. Basi waliwashauri wazitoe kabla kansa haijaonekana. Wagonjwa 39 walikubali. Zilipoangaliwa kwa darubini, watu 18 kati ya hao 39 walikuwa tayari na kansa. Habari hiyo ilitoka mwaka 2000. Miaka ilikuwa imepita tangu waache kumeza vile vidonge.

Tunawaomba msome tena hesabu hiyo polepole. Watu 18 kati ya 39. Mwanamke anameza dawa mwaka mmoja ili nguo ya ndoa ya mdogo wake imkae vizuri, na miaka saba ao nane baadaye sumu bado inafanya kazi.

Wengine watauliza: je, wote waliokunywa waliugua? Hapana. Wengi walikunywa na figo zao zikabaki. Ndiyo maana jirani anaweza kusema kwa ukweli kabisa, "Mimi nilikunywa na sikupata kitu." Anasema kweli juu ya mwili wake. Waliokunywa kipimo kikubwa zaidi, kwa muda mrefu zaidi, ndio walioumia zaidi, lakini hakuna mtu aliyeweza kujua mbele nani atapona na nani hatapona.

Baada ya Brussels macho yalifunguka pahali pengine. Uingereza, mwaka 1999, madaktari waliandika juu ya watu wawili walioharibikiwa na figo kwa dawa za Kichina walizokunywa kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi. Ilikuwa Aristolochia tena, na jina lilikuwa limechanganyika tena: safari hii mu tong. Mwaka 2001 Marekani ilionya watu wake. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka dawa za mimea zenye Aristolochia katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu bila mashaka. Na Wachina wenyewe, mwaka 2003, waliondoa guan mu tong, yaani ile mu tong ya Aristolochia, katika dawa zao zilizoruhusiwa. Tunataja hilo kwa sababu wengine wanasema Wazungu walitafuta tu namna ya kuchafua dawa ya watu wengine.

Tena Wazungu wenyewe walikuwa na sumu hiyohiyo shambani kwao bila kujua. Katika vijiji vilivyo karibu na mito inayoingia katika Danube, huko Kroatia, Bosnia, Serbia, Bulgaria na Romania, tangu miaka ya 1950 madaktari walijua ugonjwa wa figo uliokuwa unashika jamaa nzima, mume na mke. Walifikiri ni maji, walifikiri ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Leo wanasayansi wanaamini ni Aristolochia nyingine iliyokuwa inaota katikati ya ngano, mbegu zake zikavunwa pamoja, zikasagwa, zikaingia katika mkate. Ni habari ya Brussels iliyowasaidia kutazama upande huo, kwa kuwa figo za wagonjwa zilifanana.

Kwa nini wanawake wale hawakuacha mapema? Kwa sababu figo hazipigi kelele. Jino likioza unalia usiku. Figo zinaweza kufa zaidi ya nusu na mtu anapika, anafua, anakwenda shambani. Uchovu unakuja, lakini mama gani hachoki? Damu inapungua, uso unakuwa mweupe, miguu inavimba kidogo, na kila jambo lina sababu nyingine tunayoweza kuitaja. Ni kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini, pamoja na kipimo cha mkojo, kinachoonyesha. Na wale wa Brussels walikuwa na bahati moja: mashine za kuosha damu zilikuwa karibu, na serikali yao ilisaidia kulipa. Kwetu mashine hizo ni chache, ziko katika miji mikubwa tu, na mtu anahitaji kuoshwa mara mbili ao tatu kila juma, maisha yake yote. Likelemba yetu nzima, pesa zote za mwaka, zisingemlipia mama mmoja hata kwa muda mfupi. Tulifanya hesabu hiyo mbele ya kopo lile, na kicheko kikaisha.

Hata hivyo hatutaki mama yeyote atoke hapa akisema dawa ya Kichina ni sumu. Ingekuwa uongo, na sisi wenyewe tungekuwa watu wasio na shukrani.

Mtoto wako akishikwa na malaria leo, kituo cha afya kinampa vidonge vya mchanganyiko, na jina la dawa moja linaanza na "arte". Jina hilo linatoka katika mmea wa Kichina, Artemisia annua, ambao wao wanauita qinghao. Mwaka 1967 serikali ya Uchina ilianza kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa katika pori. Mwanamke mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, alitiwa katika kazi hiyo. Mume wake alikuwa amepelekwa mbali kijijini wakati ule wa mapinduzi ya utamaduni. Yeye akamwacha binti yake mkubwa katika nyumba ya kulelea watoto na mdogo kwa wazazi wake, akaenda kisiwa cha Hainan kuona wagonjwa. Aliporudi, mtoto hakumtambua tena. Wamama wanaosafiri kwa biashara wanajua uchungu huo.

Tu Youyou na kundi lake walisoma vitabu vya zamani na kukusanya mapishi mengi ya waganga. Qinghao walikwisha kuijaribu, ikawa inafanya kazi leo na kesho haifanyi. Kisha aliangalia tena maneno ya mganga wa kale, Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Ge Hong hakusema kuchemsha. Alisema kulowesha majani katika maji, kuyakamua na kunywa maji yake. Mwanamke huyo akafikiri: labda moto ndio unaoua dawa. Akatoa dawa ndani ya majani bila joto kubwa, na mwaka 1971 dawa ikaua malaria katika panya na nyani. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake waliinywa wenyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo la Nobel. Hakuwa na digrii ya udaktari, na hakuwa amesoma Ulaya.

Kwa hiyo dawa ileile ya kale iliyoleta kilio Brussels inaokoa watoto wetu hapa. Qinghao ilipatiwa jina lake la hakika. Ilitolewa majani yasiyofaa, ikapimwa uzito, ikajaribiwa kwanza kwa panya, kisha kwa watu wachache walioangaliwa kila siku, na matokeo yakaandikwa, mazuri na mabaya. Fang ji ya Brussels ilipita njia moja tu, ile ya biashara.

Tuseme neno kuhusu chai ya artemisia, maana tunajua iko wamama wanaoipanda nyuma ya nyumba na kuiuza, na wengine wanatusoma. Shirika la Afya la Dunia halishauri kutumia chai hiyo kwa malaria. Si kwa kuwa mmea hauna nguvu. Ni kwa kuwa kikombe kimoja kina dawa kidogo, kingine kina zaidi, na dawa pungufu inaacha vijidudu vikali vikiwa hai, vinajifunza kupigana na dawa yenyewe. Mtoto mwenye homa kali anaweza kufa katika siku mbili akingojea chai ifanye kazi. Mtu mzima akinywa kikombe kwa sababu anapenda uchungu wake, hatuna ugomvi naye. Lakini kwa mtoto twende kwenye kituo, tuchomwe kidole, tupewe vidonge kamili na tuvimalize.

Na sindano? Ujerumani walifanya jaribio kubwa. Watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza walichomwa sindano pahali panapotakiwa na ufundi wa Kichina. Wa pili walichomwa kidogo tu juujuu, pahali pasipo na maana yoyote, nao hawakujua. Wa tatu walipata dawa na mazoezi ya kawaida ya hospitali. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100, walipata nafuu 48 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili na 27 katika la tatu. Mnaona? Sindano zilisaidia kuliko dawa za kawaida, lakini sindano za uongo zilisaidia karibu sawasawa na za kweli. Wajerumani waliamua kwamba bima yao italipia sindano kwa mgongo na kwa magoti yaliyochakaa. Ufaransa wanaoruhusiwa kuchoma ni madaktari, madaktari wa meno na wakunga, na wakunga wengine wanazitumia kumpunguzia mama uchungu na kichefuchefu. Sisi hatuoni ubaya hapo, mradi sindano ifunguliwe mpya mbele ya macho yako na itupwe baada ya mtu mmoja. Kwetu, ambako tunajua magonjwa yanayotembea na damu, sharti hilo halina mjadala.

Turudi kwenye lile neno la "Ulaya hawauzi bila kupima". Ni kweli kwamba mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliandika sheria juu ya dawa za mimea za kienyeji, na tangu 2011 inashika kabisa. Mwenye kuuza lazima aonyeshe kwamba dawa yake imetumiwa miaka 30, na kati ya hiyo miaka 15 iwe ndani ya Ulaya, na kiwanda kikaguliwe. Dawa iliyopita hapo inaandikwa namba yake kwenye kopo. Lakini kuna mlango wa nyuma. Mtu akisema bidhaa yake si dawa bali ni chakula cha kusaidia mwili, anaangaliwa kwa sheria nyingine iliyo nyepesi zaidi. Na vitu vingi vya kupunguza tumbo vinapita mlango huo, ama vinanunuliwa kwa simu na kuletwa na posta, bila mtu kuvikagua. Dada zetu walio Ulaya hawana kosa. Wanaona duka safi lenye taa, wanafikiri tayari mtu amekwisha kuwachungia.

Katika kundi letu tulikubaliana hivi, bila kupiga kura. Kopo lisilo na jina la Kilatini la kila mmea halimezwi, hata likitoka kwa mdogo wako wa tumbo moja. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha hagusi hata lenye majina, mpaka amwonyeshe mkunga ao daktari. Aliyekwisha kumeza kitu kama hicho kwa miezi asione haya, apeleke kopo kituoni na kuomba kipimo cha mkojo na cha damu. Hapo mmoja wetu aliongeza kwamba afadhali kuanza na kupunguza mafuta katika sombe, na wengi walinyamaza, kwa maana sombe bila mafuta ni jambo jingine.

Tulipiga picha za kopo kwa simu, mbele na nyuma, tukatafuta mtu wa kutusomea yale ya Kichina. Kijana mmoja anayefanya kazi na kampuni ya Wachina alitusaidia. Mimea ilikuwa tisa. Nane hatukuijua. Wa tatu katika mstari, alituandikia, ni fang ji. Han ao guang? Kopo halikusema. Hapakuwa na Kilatini, hapakuwa na namba ya ruhusa.

Mama mwenye kopo alimpigia mdogo wake jioni ile, sisi tukiwa tumeketi karibu naye. Mdogo wake alikasirika kwanza, maana alikuwa ametoa yuro zake kwa upendo. Kisha akanyamaza, na tukasikia sauti yake ikibadilika. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumeza kopo mbili. Juma lililofuata alikwenda dukani kuuliza jina la Kilatini. Muuzaji, mwanamke mwenye heshima, alimjibu kwamba hajui, kwamba ni vitu vya asili tu, na kwamba atamwandikia aliyemuuzia. Kutoka pale alikwenda kwa daktari wake kutoa damu. Majibu bado hayajafika tunapoandika. Kopo liko kwa Mama Katibu, ndani ya sanduku la likelemba, limefungwa kwa ufunguo pamoja na pesa.